Usihamishe Sinki: Mwongozo wa Kukarabati Jikoni kwa Nyumba ya Zamani

Ukiingia kwa mlango wa nyuma katika nyumba nyingi za Nakuru zilizojengwa miaka ya 1970 na 1980, utaona mambo yaleyale. Sakafu ni ya simiti nyekundu, imeng'arishwa miaka mingi hadi ikachimbika mbele ya sinki. Dirisha ni la chuma, na kioo chake kimoja kilipovunjika kikazibwa kwa kadibodi. Kabati zimepakwa rangi ya mafuta mara nne au tano, rangi juu ya rangi, mpaka milango haifungi. Soketi ni moja, na inagombaniwa na friji, birika la stima na chaja za simu. Ukuta wa nyuma ya jiko una weusi usiotoka kwa sabuni yoyote.

Nyumba ya wazazi wangu upande wa Lanet ilikuwa hivyo. Tulipochanga sisi watoto wanne ili tumtengenezee mama jikoni, tulipata shilingi 150,000, na hapo hapakuwa na nyongeza. Mwongozo huu umetokana na kazi hiyo, pamoja na makosa tuliyoyafanya na tungeweza kuyaepuka.

Kama utashika neno moja tu, shika hili: pesa ya jikoni humalizwa na vitu viwili, kuhamisha sinki na kujenga kabati zote upya. Ukiviacha hivyo viwili, hata pesa kidogo itatosha kurekebisha kinachomchosha mpishi kila siku, yaani maji, stima, moshi na kimo cha mahali pa kufanyia kazi.

Kwanza, kaa jikoni siku nzima

Kabla ya kumwita fundi, kabla hata ya kuuliza bei ya taili, chukua kigoda na daftari ukae jikoni kutoka chai ya asubuhi mpaka ugali wa jioni. Usitegemee kuuliza. Mimi nilimuuliza mama, "Mama, ni nini kinakusumbua hapa?" Akanijibu, "Hakuna, mwanangu, mimi niko sawa." Amepika hapo zaidi ya miaka thelathini, amezoea shida mpaka haioni tena.

Lakini macho yaliona. Alikuwa anaipua sufuria ya moto na kuibeba hadi upande wa pili wa chumba, akipita mlangoni penye wajukuu wanaokimbia, kwa sababu kando ya jiko hapakuwa na mahali pa kuitua. Alikuwa anamenyea viazi nje kwenye baraza kwa sababu ndani ni giza. Na akiosha vyombo alikuwa ameinama muda wote, maana sinki iliwekwa chini mno. Jioni analalamika mgongo na sisi tunadhani ni uzee.

Andika mambo matatu, yasizidi matatu. Hayo ndiyo yatakayoongoza pesa yako. Kitu chochote kisichotatua moja kati ya hayo kingoje.

Siku hiyohiyo, mpime anayepika. Asimame wima na viatu anavyovaa nyumbani, akunje mkono, upime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Mahali pa kukatia mboga na kukanda chapati panafaa kuwa chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Kwa mama ambaye kiwiko chake kiko sentimita 98, kaunta ya sentimita 86 ilimkaa sawasawa. Kaunta nyingi za kununua huwa kati ya 85 na 90, kwa hiyo mtu wa kimo cha kawaida hapati shida.

Shida iko kwenye ugali. Majarida ya jikoni za kisasa yanaonyesha jiko likiwa juu ya kaunta ya kawaida, kwa sababu walioyachora hawasongi ugali wa watu wanane. Fanya hesabu: kaunta sentimita 86, jiko la gesi la meza sentimita 12, sufuria sentimita 20. Mdomo wa sufuria unafika sentimita 118, karibu na bega la mama! Mtu hawezi kuulalia mwiko akiwa ameinua viwiko hivyo. Tulimjengea mama sehemu ya jiko iliyo chini zaidi, sentimita 65, na mdomo wa sufuria ukaja 97. Kati ya yote tuliyofanya, hilo liligharimu pesa kidogo kabisa na ndilo analolisifu kwa wageni.

Kugawa pesa na kuchagua wakati

Toa asilimia 10 uiweke kando kabla ya chochote. Kwetu ilikuwa shilingi 15,000, na ilikuwa ya kulipia kitakachopatikana nyuma ya ukuta. Katika nyumba ya zamani kitapatikana tu. Sehemu iliyobaki tuliigawa mara tatu: theluthi ya mabomba na nyaya pamoja na mafundi wake, theluthi ya kaunta, sinki na taili, na theluthi ya milango ya kabati, rangi na taa. Bei hubadilika kila mwezi, kwa hiyo nenda na orodha moja kwenye maduka matatu tofauti ya vifaa vya ujenzi, na uulize pia gharama ya usafiri. Duka la bei nafuu lililo mbali linaweza kukugharimu zaidi likikuletea mzigo kwa pikapu mara tatu.

Kuhusu wakati, Januari na Februari ndiyo miezi mikavu Nakuru, na simiti, plasta na rangi hukauka vizuri. Lakini Januari ni mwezi wa karo, kila mzazi anajua. Kama pesa haiko, gawa kazi: mabomba na stima sasa, kaunta muhula ujao, kabati baadaye. Jikoni hutengenezeka vipandevipande vizuri kuliko chumba kingine chochote ndani ya nyumba, mradi ufuate utaratibu huo, usianze na rangi. Epuka Aprili na Mei kwa sababu ya mvua, na epuka Desemba kwa sababu ya wageni.

Mahali pa kupikia kazi ikiendelea

Wengi husahau hili, halafu siku ya tatu familia inakula chipsi za kununua na bajeti inavuja. Hamishia jiko la gesi, meza moja na ndoo mbili za maji kwenye baraza, na ufunike juu kwa turubai. Kama utatumia makaa, jiko lake liwe nje kabisa. Usiku wa Nakuru una baridi, hasa Julai, na kuna kishawishi cha kuliingiza jiko la makaa ndani lipashe moto chumba. Gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye makaa haina harufu wala rangi, na huua watu usingizini. Usithubutu, hata dakika kumi kabla ya kulala.

Bomoa kidogo

Fundi atakayekuja atataka kubomoa kila kitu, kwa sababu kazi mpya ni rahisi kwake kuliko kurekebisha ya zamani. Zunguka naye na chaki. Weka alama kwa kinachobaki.

Dirisha la chuma linabaki. Kwangua kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta, na ubadilishe kioo pamoja na pati iliyokauka. Sakafu nyekundu pia inabaki kama haijapasuka sana. Jaza mashimo kwa simiti iliyochanganywa na oksaidi nyekundu, uisugue na uipake nta. Ni sakafu ngumu, haitelezi kama taili zinazong'aa, na kuibandua ni kazi ya siku tatu za kelele. Kabati za ukutani zibaki ikiwa mbao zake hazina mchwa. Chomeka bisibisi kwenye pembe za nyuma: ikizama bila nguvu, hiyo mbao imekwisha.

Kabati zetu za chini, zile za kando ya sinki, zilikuwa zimeoza. Hizo tuliziondoa, na nitaeleza tulichoweka badala yake.

Mambo mawili ya hatari. Nyumba nyingi za miaka hiyo zina paa au dari ya asbestosi. Usiitoboe, usiisugue, usiivunje, maana vumbi lake huharibu mapafu na madhara hujitokeza baada ya miaka mingi. Ikiwa ni lazima itoke, kazi hiyo ni ya watu walioidhinishwa na NEMA, mamlaka ya mazingira. La pili ni rangi za mafuta za zamani, ambazo zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usizisugue zikiwa kavu. Lowesha ukuta, sugua kwa msasa wa maji, okota maganda yote, na watoto wakae mbali mpaka pafutwe kwa kitambaa chenye maji.

Kabati zikiwa zimetoka ukutani, ndiyo nafasi ya pekee ya kumaliza mende. Utaona makao yao nyuma pale, kwenye nyufa zenye joto. Safisha, weka dawa ya jeli kwenye pembe, na uzibe kila tundu la bomba kwa simiti. Ukirudisha kabati bila kufanya hivyo umewajengea nyumba mpya.

Maji

Hapa sitaharakisha.

Kwa nini sinki isihamishwe? Kwa sababu maji machafu hayapandi mlima. Bomba la kutoa maji ya sinki, lenye kipenyo cha inchi moja na nusu, linahitaji mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukiihamisha sinki mita tatu, mwisho wa bomba lazima ushuke sentimita 7.5 zaidi. Shimo la nje la maji machafu liko palepale lilipokuwa, kwa hiyo utakata sakafu, utapitisha bomba, utamwaga simiti upya, na kila mkunjo utakaouongeza ni mahali pa mafuta kuganda. Fundi wetu wa kwanza alitushawishi. "Mama, hii sinki tukiipeleka pale dirishani itapendeza sana," alimwambia mama, na mama akatabasamu, na sisi tukakubali. Aliweka bomba karibu bapa. Tulimlipa pesa zote Jumamosi jioni, na Jumatatu maji yalikuwa yamesimama kwenye sinki yakiwa na majani ya chai juu. Hakurudi. Fundi wa pili aliirudisha sinki ilipokuwa, na ile asilimia 10 ikaisha hapo.

Tangu hapo tulilipa kwa hatua: theluthi kazi ikianza, theluthi ikifika nusu, na iliyobaki baada ya kujaribiwa. Vifaa tulinunua wenyewe, na tulilipa kwa M-Pesa ili kumbukumbu ibaki. Fundi mzuri hakasiriki kwa utaratibu huu. Mpe chai saa nne na chakula cha mchana, mheshimu, lakini pesa ya mwisho ibaki mkononi mwako.

Mabomba ya chuma ya zamani yana kutu ndani. Kama mfereji wa jikoni hutoa maji kidogo ilhali wa nje una nguvu, kutu ndiyo sababu. Tuliyatoa tukaweka ya PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa joto. Weka valvu ya kufungia chini ya sinki ili siku mfereji ukiharibika usilazimike kufunga maji ya nyumba nzima. Kabla ukuta haujapigwa plasta, funga mifereji yote usiku, soma mita ya maji uandike namba, kisha usome tena asubuhi kabla ya mtu yeyote kutumia maji. Namba ikisogea hata kidogo, kuna mahali panavuja. Mwite fundi kabla hujamlipa.

Kisha kuna jambo linalotuhusu sana sisi wa Bonde la Ufa. Maji ya visima virefu huku hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hili vinakipita. Yale meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu waliokulia huku yanatokana na hilo, na kwa watoto ndiyo hudhuru zaidi, meno yao yakiwa bado yanaumbika. Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Mvuke unatoka, floraidi inabaki sufuriani, na maji yanayosalia yanakuwa nayo nyingi kuliko mwanzo.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Kwa hiyo, ukiwa umeshafungua ukuta, ongeza bomba la pili kutoka kwenye tangi la maji ya mvua hadi kwenye sinki, lenye mfereji wake. Bomba lenyewe ni la mita chache. Gharama kubwa ingekuwa kuufungua ukuta, nao uko wazi tayari. Tangi likae juu ya jukwaa ili maji yashuke yenyewe. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite isiingie tangini, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege, na maji ya kunywa uyachemshe bado kwa sababu ya vijidudu. Tofautisha mifereji kwa rangi: kwetu wa buluu ni wa kunywa na kupikia, mwingine ni wa kuoshea. Watoto walijifunza kwa siku moja. Usiye na tangi, acha nafasi ya sentimita 40 kando ya sinki kwa ajili ya kichujio cha mkaa wa mifupa, aina ambayo Dayosisi Katoliki ya Nakuru imekuwa ikiitengeneza. Vichujio vya kawaida vya mishumaa ya kauri haviondoi floraidi, hata kama vinang'arisha maji.

Stima na gesi

Plagi yetu ya kawaida inabeba ampea 13. Birika la wati 2,000 kwenye stima ya volti 240 linavuta ampea 8.3. Maikrowevu inayovuta wati 1,200 inachukua 5. Ukivichomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja umeshapita 13, na bado friji haijaanza kunguruma. Ndiyo maana ile plagi huwa moto na ina alama ya kuungua kahawia.

Jikoni kuna haja ya soketi zisizopungua nne, juu ya kaunta, mbali na sinki kwa sentimita 30 au zaidi, na zisiwe juu ya jiko. Waya wa soketi uwe wa milimita 2.5 za mraba. Wa kuka ya stima, ikiwa mna mpango wa kuwa nayo, uwe wa 6 na uwe na laini yake peke yake. Kama kisanduku chenu bado kina zile fyuzi za kufungwa waya, badilisha, na uongeze swichi inayokata stima yenyewe ikivuja. Jikoni pana maji na mikono yenye maji. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na umwombe akuonyeshe. Hapa si mahali pa kubana pesa, na nasema hivi nikijua wengi wetu tuna binamu anayejua stima kidogo.

Taa moja katikati ya dari inampa mpishi kivuli chake mwenyewe kwenye ubao wa kukatia. Weka taa ya LED chini ya kabati ya ukutani, na kama paa la jikoni ni la mabati, badilisha bati moja kwa lile linalopitisha mwanga. Mama alirudi kumenyea viazi ndani.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya chini, mahali ambapo dirisha halifiki. Mtungi ukae nje, wima, kwenye kizimba cha chuma, na mpira upite kwenye tundu la ukutani. Toboa pia matundu ya hewa karibu na sakafu yenye wavu wa kuzuia panya. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likichemka, kuna uvujaji. Usijaribu kwa kiberiti.

Na moshi? Ikiwa mnapika kwa kuni au makaa siku za wageni, jengeni kibanda cha nje chenye jiko la kuni na bomba la moshi. Msilazimishe jikoni mpya ibebe kazi hiyo, la sivyo ukuta utarudi mweusi kabla mwaka haujaisha.

Kaunta ya simiti badala ya kabati za chini

Badala ya kabati za mbao zinazooza chini ya sinki, tulijenga kuta tatu fupi za matofali na juu yake tukamwaga slabu. Slabu ya mita 2.4 kwa sentimita 60, yenye unene wa sentimita 7.5, ni kama mita za ujazo 0.11 tu. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha. Changanya karai moja la saruji, mawili ya mchanga safi na manne ya kokoto ndogo, na maji kiasi cha kushikamana, yasiwe uji. Weka vyuma vya milimita 8 kila sentimita 15, pande zote mbili, vikae karibu na sehemu ya chini ya slabu lakini visiguse mbao. Kata nafasi ya sinki kwenye fremu kabla ya kumwaga, ukitumia sinki yenyewe kama kipimo. Tumeona watu wakimwaga kwanza kisha wakatoboa kwa tindo.

Mwagilia maji asubuhi na jioni kwa siku saba na uifunike kwa magunia. Fundi atakuambia siku mbili zinatosha. Hazitoshi. Acha mbao za chini kwa wiki mbili, na usiipigie nyundo wala kutwangia juu yake kwa siku 28, kwa kuwa huo ndio muda simiti inaotumia kupata sehemu kubwa ya nguvu zake. Juu unaweza kuweka taili, terazo au graniti. Sisi tulichagua terazo kwa sababu haina viungo vya kuficha unga, na sufuria ya moto haiidhuru.

Taili ziwekwe ukutani tu, nyuma ya sinki na jiko, kwa kimo cha sentimita 60. Kwa urefu wa mita 4 hiyo ni mita za mraba 2.4. Taili ya sentimita 30 kwa 60 inafunika 0.18, kwa hiyo ni taili 14, na 2 za akiba. Angalia namba ya toleo kwenye kila boksi. Rangi moja kwa jina inaweza kutofautiana kwa macho. Ukuta wenye rangi ya mafuta upigwe tindo uwe na mikwaruzo, la sivyo taili zitaanguka. Grauti ingoje siku moja. Ukifika hapo umemaliza taili.

Milango ya kabati

Baada ya serikali kusimamisha ukataji wa miti katika misitu yake Februari 2018, mbao za sipresi zilikuwa adimu, hata huku karibu na Elburgon na Molo, na mafundi wengi wakahamia MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. MDF ni nzuri kwa mlango wa juu. Chini ya sinki haifai, kwa sababu ikinywa maji inavimba kama mkate uliotiwa kwenye chai, na hairudi. Kwa milango ya chini tumia blokibodi ya milimita 18 au sipresi iliyokauka. Mbao mbichi ni nzito, ina ubaridi ukiishika, na itapinda mlangoni. Kama umeuziwa mbichi, ipange kivulini, vijiti vikiwekwa kati ya ubao na ubao, kwa wiki kadhaa.

Shiti moja ni futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Milango ya sentimita 60 kwa 40 inatoka 12 kwa shiti moja ukiipanga vizuri, na nafasi ya meno ya msumeno inabaki. Chora kwenye karatasi uende nayo dukani, wakukatie kwa mashine palepale. Kingo zote zizibwe, hata ile ya chini ambayo mtu haioni, maana maji ya kupigia deki huingilia hapo. Nunua bawaba nzuri. Bawaba ya bei ya chini hulegea haraka, na mlango ukining'inia hata rangi nzuri haisaidii.

Mlango wa chini mmoja tuliuacha wazi, na hapo ndipo mtungi wa maji ya kunywa unapokaa.

Rangi

Osha ukuta kwa maji moto na sabuni ya unga mara mbili. Masizi na mafuta hupenya rangi ya maji hata ukipaka mikono mitano, kwa hiyo paka kwanza andakoti ya mafuta, iache ikauke kabisa, kisha upake rangi inayooshika, ya rangi nyepesi. Dari iwe nyeupe. Ni kazi ya wikendi moja, na vijana wa nyumbani wanaiweza.

Kabla fundi hajaondoka

Kabla ya plasta kufunika chochote, piga picha kila ukuta kwa simu, na futi ya kupimia ikiwa imeegemezwa ukutani, ili njia za mabomba na nyaya zionekane zikiwa na vipimo. Zitume kwa ndugu wote, simu hupotea. Kisha chora ramani ndogo kwenye karatasi: valvu iko wapi, swichi ipi ya kisanduku inazima jikoni, bomba la mvua linapita wapi. Ibandike ndani ya mlango wa kabati ya juu kwa selotepu. Karibu nayo andika namba ya toleo la taili na jina la rangi, na zile taili mbili za akiba zilaze juu ya kabati, zimefungwa kwa gazeti.